Jiwe Lisiloanikwa Mlenda

Asubuhi hiyo Stara alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya betri iliyokaa uvunguni, akautoa haraka. Betri zilikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua lenyewe lilikuwa bado halijapanda juu ya mabati ya Nkuhungu, na usiku ule kulikuwa na ile baridi ya mwezi wa sita inayomfanya mtu wa Dodoma alale na soksi. Zilikuwa na joto la kwapa. Akaokota moja, akaifumbata, akaona raha kuifumbata.

"Hizi sasa ndiyo betri," akasema peke yake, akacheka.

Angejua asingecheka. Lakini tusimkimbilie na mawe, maana alikuwa na sababu zake, na mwanzoni sababu zenyewe zilikuwa za mama yeyote.

Mwaka wa nyuma umeme ulikatika mtaa mzima wakati binti yake Shamila, wa miaka sita, amebanwa na pumu. Simu ya Stara ilikuwa imeisha chaji. Mumewe Hanifu alikuwa bado sokoni, anakoshona nguo za watu. Tochi ukiibonyeza inatoa kamwanga kekundu, kisha inakufa. Stara akapapasa kabatini, akapapasa juu ya friji, akamwaga droo, akatambaa sakafuni akitafuta ile dawa ya kuvuta, huku anasikia kifua cha mwanawe kinapiga filimbi, halafu akasikia hakipigi tena. Aliipata chini ya kochi. Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Stara ndiye ambaye hakupona. Giza la siku ile lilimwingia, likahamia na vyombo vyake.

Akaanza kununua betri. Si za maana, kipato cha fundi cherehani unakijua, alinunua zile za bei chee zenye picha ya jogoo, zinazouzwa mnadani na jamaa mmoja mwenye spika: "Beba nyingi mama, giza halipigi hodi!" Naye akabeba nyingi. Alijaza ndoo kubwa ya rangi, akaifunika na mfuniko wake, akaisukuma uvunguni kwake.

"Si tununue taa ya sola yaishe?" Hanifu alimwambia.

"Na siku ya mawingu?"

"Dodoma hii? Mawingu?" Hanifu alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Yeye alikuwa na njia yake. Aliishonea ile dawa kifuko cha kitambaa chekundu, akakifunga kwa utepe kichwani pa kitanda cha Shamila. "Hapo hata kipofu ataipata," akasema. Stara akaitikia sawa, baba Shamila, umefanya la maana. Kesho yake akaenda mnadani kuongeza betri.

Taabu ya betri za bei chee kila mtu anaijua. Unazitia leo, keshokutwa zimelala. Ukiziuma kwa meno zinaamka kidogo, ukizianika juani zinaamka kidogo zaidi, basi, habari yake imeishia hapo. Baada ya muda ndoo ya Stara ilikuwa imejaa majogoo yasiyowika, na yeye usingizi hapati. Akaamua kuyaanika.

Nyuma ya nyumba yao kuna mawe, yale mawe makubwa ya huku kwetu yaliyolala ovyo kama ng'ombe walioshiba. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimeisha, na wanawake wa mtaa walikuwa wanakausha mlenda wa kuweka akiba. Kila jiwe lilitandazwa majani, hata vile vijiwe vya kukalia. Jiwe moja tu lilikuwa tupu, kubwa kuliko yote, bapa kama meza. Stara ni mtu wa mjini, kwao ni watu wa biashara tangu enzi za misafara, mlenda anaujua ukishafika kwenye sahani. Akawaona wenzake washamba. Akapanda na ndoo yake.

Jirani yake Emilia, Mgogo wa Hombolo, alikuwa jiwe la pili akigeuza mlenda wake kwa kiganja, kwaru, kwaru.

"Mama Shamila, hapo hatuaniki."

"Kuna nini?"

"Hatuaniki tu. Wenyeji tuliowakuta hawakuanika, na bibi zao hawakuanika."

"Ndiyo mnabanana huko kwenye vijiwe, na uwanja wote huu upo!"

Emilia hakucheka. Aliteremka, akasogea mpaka chini ya lile jiwe, akashusha sauti. "Kitu ukikianika hapo hakikauki. Kinajaa. Unaweka jani kavu, jioni unalikuta bichi, linateleza. Ila ukirudi nyumbani kwako, unakuta kuna kitu kimekauka."

"Kitu gani?"

"Chochote. Mwaka mmoja ilikuwa ng'ombe. Mwaka mwingine, maziwa ya mama aliyekuwa ananyonyesha."

Sasa mtazame Stara. Maneno yote hayo, na masikio yake yakaokota neno moja tu: kinajaa. Akaangalia betri zake zilizokufa, akatabasamu.

"Ndicho ninachotaka, mama Joshua," akasema. "Zijae."

Zikajaa. Jioni hiyo aliwasha tochi, ukuta ukawa mweupe kama wa hospitali. Redio ikaanza kuongea kwa sauti kubwa kuliko iliyowekewa. Saa ya ukutani, iliyokuwa imegoma tangu Ramadhani, ikaanza kutembea. Umeme ulipokatika, nyumba zote gizani, dirisha la Stara peke yake liliwaka, na majirani walipokuja kuomba betri mbili tu, mama, za kumulikia mgonjwa, aliwajibu kwa upole kwamba hana. Hanifu alimwangalia usoni siku hiyo kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Cha kwanza kilikuwa baridi.

"Mama, nasikia baridi," Shamila alisema, na ilikuwa adhuhuri, kakaa ukutani kwenye jua kali mpaka kandambili zake zimelainika. Stara akamshika mikono. Ilikuwa ya baridi kama maji ya mtungi. Akamvalisha sweta. Hanifu aliona gauni la mwanawe linampwaya, akalipunguza kiunoni. Wiki iliyofuata akalipunguza tena, na alipomaliza hakulivuta kutoka kwenye cherehani. Alikaa akilitazama, maana lilikuwa limebaki dogo kama la mtoto anayetambaa. Hospitali walipima damu, wakapima kifua, wakasema mtoto hana kitu, mpeni matunda.

Kisha ukaja mkwaruzo uvunguni. Kwaru. Kimya. Kwaru. Stara akadhani panya. Akavuta ndoo, akafunua. Mwenyewe alikuwa amezipanga betri, jogoo juu, safu kwa safu. Sasa majogoo yote yalilala kifudifudi. Na kutoka ndani ya ndoo ikampanda puani harufu ya mlenda mbichi, ile ya jani lililochumwa sasa hivi na kusagwa kwenye vidole, wakati huo porini hakuna jani, kila kitu kimekuwa vumbi.

Akafunika. Hakumwambia mtu. Angemwambia Hanifu, angeambiwa azitupe.

Jioni moja umeme ulikatika watu wakiwa bado jikoni. Stara akawasha tochi, akaiegemeza kwenye sufuria imulike ukuta, akamweka Shamila mapajani, akaanza kumnywesha uji, na katika mwanga ule mweupe akaona kivuli chake, na kivuli cha kijiko, na kivuli cha mtoto kilichokuwa chembamba kama mstari wa chaki, na pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala kiti wala nguo iliyotundikwa, kivuli cha mwanamke aliyepiga magoti, mgongo umeinama, kiganja kinapita mbele yake kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, kama wanavyogeuza mlenda, na kila kiganja kilipopita kivuli cha Shamila kilipinduka, ingawa Shamila mwenyewe alikuwa ametulia mapajani mwa mama yake, hajatikisika.

"Usiogope, mama," mtoto akanong'ona. "Ni yule bibi."

"Bibi yupi?"

"Anayetugeuza. Akinigeuza huku nasikia baridi, akinigeuza huku nasikia baridi."

"Anasema nini?" Stara aliuliza.

"Hasemi. Ananionja tu kama nimekauka."

Ukutani kivuli kikainua kidole, kikakipeleka mdomoni. Stara alipiga ukelele uliowatoa watu nje.

Hanifu hakungoja tena daktari. Alimleta Bi Mwanne, mwanamke wa kisomo kutoka mjini, mzee mfupi mwenye maneno ya kuchoma, ambaye hata akikupenda utadhani anakugombeza. Stara akampa shikamoo, mzee akaitika marahaba bila kumtazama. Alimshika mtoto nyayo, akanusa uvunguni, akasikia habari ya jiwe, akashika kiuno.

"Mtoto anaanikwa huyu," akasema. "Mmemwanika nyie wenyewe."

"Nani anamwanika, bibi?" Hanifu aliuliza.

"Mwenye jiwe. Jini jike, yupo pale tangu kabla hamjaja na mabati yenu. Na msidhani anagawa. Hana chake yule, atagawa nini? Alichomjazia mkeo kwenye ndoo amekitoa humu humu ndani kwenu." Akamgeukia Stara. "Zikusanye. Za redio, za saa, za rimoti, zote. Kesho jua likiwa kali zirudi pale pale zilipoanikwa, nimsomee mbele yake, aturudishie chetu. Ikibaki hata moja, haondoki. Atakaa kwenye hiyo hiyo moja, tena na hasira. Na mimi hapo simo."

Stara alikusanya. Nasema kweli, alikusanya kwa machozi, anamtazama mwanawe amelala chini ya mablanketi, na moyo wake wote unataka apone. Akatoa za redio. Saa ikasimama. Akafika kwenye tochi ndogo nyekundu, ya mwisho, kidole kikiwa kwenye kifuniko chake, na hapo likamjia lile giza. Likamjia lote, na droo zake, na filimbi ya kile kifua. Je, umeme ukikatika leo? Je, pumu ikimbana leo, nitaona na nini?

Mbili tu, akajiambia. Za dharura.

Akaizika tochi ndani ya mfuko wa mchele, akasawazisha mchele juu yake.

Kesho yake adhuhuri walikuwa jiweni, Bi Mwanne na chetezo chake cha ubani, Stara na ndoo. Emilia alisimama mbali, anajipiga ishara ya msalaba. Hanifu alibaki nyumbani na mtoto.

"Zote?" Bi Mwanne akauliza.

"Zote, bibi."

"Apa."

"Wallahi, zote."

Bi Mwanne alimtazama. Kisha akafumba macho, akaanza kusoma, na moshi wa ubani, badala ya kupanda, ukashuka ukatambaa juu ya jiwe. Betri zikatoka jasho. Zikapasuka moja moja, pa, pa, pa, zikatoa ute wa kijani unaovutika, na ule ute ukajikusanya ukatiririka kwenda katikati ya jiwe, na jiwe likaunywa. Bi Mwanne alisoma mpaka sauti ikamkauka. Zilipobaki makopo matupu, alizifunga kwenye kitambaa akaenda nazo, hajasema anazipeleka wapi.

Walipofika nyumbani Shamila alikuwa amekaa kitandani, jasho linamtoka, amevua sweta.

"Baba, nataka chipsi," akasema.

Hanifu alilia kama mtoto. Alikimbia nje bila viatu kuzifuata hizo chipsi.

Basi ikawa raha. Hanifu akaachia mishono ya lile gauni, akaachia tena. Shamila akarudi kucheza rede na watoto wa Emilia. Na Stara alikuwa anapika mchele kwa kuchota pembeni, kwa uangalifu, asije akaigusa tochi. Mara nyingine akiwa peke yake jikoni alisikia ndani ya mfuko, kwaru, punje zinahama. Alitoka nje mpaka kukatulia. Mtoto si mzima? Anakula, anacheza. Kumbe Bi Mwanne naye anatisha watu bure.

Mwezi wa nane upepo wa vumbi ulivuma siku nzima. Magharibi ilipoingia, umeme ukakatika, na Shamila, aliyekuwa amelala kitandani kwake, akaanza kupiga filimbi kifuani.

Stara alikuwa amekaa pale pale kitandani. Kifuko chekundu kilining'inia karibu na sikio lake, angenyoosha mkono angekishika, hata kipofu angekishika. Lakini giza lilipomfunika hakukumbuka kifuko, hakumkumbuka Bi Mwanne, hakukumbuka alichoapa. Alikumbuka mchele. Akamwacha mtoto, akakimbilia jikoni akigonga vitu, akachimba kwa mikono yote miwili punje zikimwagika, akaipata tochi, na ilikuwa ya moto.

Akaiwasha mlangoni mwa chumba.

Mwanga ule hajawahi kuuona tena mtu yeyote. Kila kitu kilionekana, kifuko na utepe wake na mishono ya Hanifu iliyokaa sawasawa, na uso wa Shamila uliokuwa unavuta, unavuta, na kila alipovuta pumzi mwanga ulipanda, na alipoitoa pumzi mwanga haukushuka, ukangoja, na alipovuta tena ukapanda zaidi, na nyuma ya Stara, karibu kabisa na kisigino chake, kiganja kilikuwa kinapita sakafuni, kwaru, kwaru, bila haraka, kama cha mtu anayemalizia kazi yake ya siku.

Hanifu aliingia mbio kutoka uani, akasimama. Aliiona tochi, akaelewa.

"Zima!" akapiga kelele. "Stara, zima hiyo!"

Kidole gumba cha Stara kilikuwa kwenye swichi. Ng'ambo ya swichi kulikuwa na lile giza.

"Ngoja nimpe dawa kwanza," akasema. "Nitampaje dawa gizani?"

Hanifu akakinyakua kifuko, akamtia mtoto dawa mdomoni, akabonyeza, akabonyeza tena. Dawa iliingia. Ndani hakukuwa na mtu wa kuivuta. Mwanga ukatulia, mweupe, umeshiba.

"Ulisema zote," Hanifu akasema.

Hajawahi kumwambia neno jingine la lawama, mpaka leo.

Walimzika Shamila kesho yake, na Bi Mwanne hakuja. Tochi haikuzima. Hanifu aliifungua ili atoe zile betri azipondeponde, Stara akamwangukia miguuni, akamshika suruali, akasema, "Baba Shamila, itazame kwanza. Itazame inavyohema." Kweli, mwanga ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na mwishoni mwa kila kushuka kulikuwa na kamtetemo kadogo, kama kafilimbi. Hanifu aliona. Akamrudishia tochi yake. Ndugu zake walimshauri amwache mwanamke yule, akasema amwachie nani? Alimhurumia.

Tangu hapo Stara alilala na tochi kifuani. Aliizungumzisha, akaiogesha kwa kitambaa, akaifunika kanga. Watu walipita mbali na dirisha lile.

Mvua zilizofuata zilipoisha, mwanga ulianza kufifia. Ulipanda kidogo, ukakaa, ukapanda kwa shida. Stara alikesha akiuhesabu huku anaubembeleza, vuta mama, vuta mwanangu. Siku ulipobakia wa njano, alingoja jua lipande, akatoka nazo zile betri mbili mkononi.

Wanawake walikuwa wameanika mlenda mawe yote. Akapita katikati yao, akapanda lile kubwa tupu, akaziweka. Akapiga magoti. Emilia alikuja mpaka chini ya jiwe.

"Mama Shamila, shuka. Nakuomba, mwenzangu. Nyumbani kwako kumebaki nani?"

Stara alikuwa anazigeuza betri kwa kiganja, taratibu, huku na huku.

"Namjua aliyebaki," akasema.

Jioni tochi iliwaka nyeupe, inahema vizuri, pumzi ndefu za mtoto aliyelala. Stara akaiweka juu ya mto wa kulalia, karibu na shavu lake, akaifunga kanga. Kwenye cherehani kule kona ya chumba, Hanifu aliacha kushona. Akasugua viganja vyake, akavipulizia.

"Mke wangu," akasema, "hivi ni mimi tu, au leo kuna baridi?"

Stara akainuka. Akamfunika shuka mabegani, akamletea na blanketi, akalikunja vizuri shingoni, maana alikuwa mume mwema. Kisha akarudi kukaa na mwanawe.